Kabla ya Rangi ya Sare, Tuulizane Pasipoti



Mwezi huu peke yake nimepokea simu tatu kutoka Unguja, za wageni wanaojiandaa kuja harusi huku kwetu Karagwe na kuvuka mpaka kwenda Uganda. Wote watatu walianza na swali moja: "Rangi gani?" Kwa sababu mimi ni fundi cherehani na ninauza vitambaa vya sare hapa Kayanga, swali hilo ndilo linaloniwekea chakula mezani. Lakini nimeamua kulijibu kwa swali jingine kwanza: pasipoti unayo?

Najua linaonekana swali la ukali kwa mtu anayekuja kufurahi. Nitawaeleza kwa nini sasa ninauliza hivyo, na aibu iliyomo ndani yake ni yangu.

Mama yangu na ndugu zake walizaliwa watatu, wote wanawake, hapa hapa Karagwe. Mkubwa aliolewa Unguja. Wa kati ndiye mama yangu, alibaki Kayanga. Mdogo wao aliolewa na mfanyabiashara wa Mbarara, Uganda, akafariki akaacha binti mchanga. Mama mkubwa alikuja mwenyewe akamchukua yule mtoto, akamlea Unguja, akampeleka chuo na skuli, na alipofika umri wa kuchumbiwa ni yeye aliyekaa naye usiku na kumfunza. Mimi nilipomaliza kidato cha nne nilipelekwa nyumbani kwa huyo huyo mama mkubwa kujifunza ushoni, kwa hiyo yule binti namwita mdogo wangu, si binamu.

Alipoposwa, baba yake alisema ndoa ifungwe Mbarara. Ana haki yake, yeye ndiye walii, na yuko hai. Mama mkubwa alikubali bila neno. Mimi nikapewa kazi mbili: nguo, na kuwapokea wageni wa Unguja na kuwavusha.

Nguo niliifanya vizuri, alhamdulillah. Rangi ya sare niliituma miezi mitatu kabla, na vipande vya kitambaa nikavibandika kwenye karatasi ili wauone ule kijani hasa, maana picha za simu hudanganya. Vipimo nilichukua kwa simu, mtu mmoja mmoja. Kuhusu mpaka, nilituma sauti ya sekunde kumi: "Njooni na vitambulisho tu, vinatosha."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuona. Murongo, kule mwisho wa Kyerwa ambako Mto Kagera unatugawa na Kikagati ya Uganda, watu wa pande mbili wameoleana na kuuziana tangu zamani. Ukikaa pale nusu saa unaona wanawake wanapita na ndizi, na vitambaa, na watoto mgongoni. Tena nilishasikia kwamba Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Ni kweli, wao watatu walianza utaratibu huo mwaka 2014. Tanzania haikuingia. Mtanzania anayekwenda harusini Uganda hahitaji kulipia viza, lakini anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA si pasipoti. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ndiyo kabisa.

Na mama mkubwa alikuja na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, amekitia kwenye kikoba chake cha plastiki pamoja na tasbihi.

Wageni walikuwa kumi na wawili. Kwa rehema za Mungu tisa walikuwa na pasipoti, maana ni wafanyabiashara wa Dubai na wengine walishakwenda Umra. Wawili walikuwa na hati za dharura, walishauriwa na watu wao. Aliyebaki ni yeye mmoja, mwenye harusi yake. Ilikuwa Jumamosi alasiri, nikahi Jumapili asubuhi. Ofisa alituzungumza kwa adabu, akamwita mama, akampa kiti. Lakini hakuwa na la kufanya, na sitamtupia lawama mtu aliyefanya kazi yake.

Tulipotoka pale nje akaja kijana wa bodaboda. Akasema anajua njia ya chini, mto unavukika kwa mtumbwi, dakika chache tu, "bibi atafika kabla yenu." Wenzangu wakaanza kunitazama. Nitasema ukweli: nilishafungua pochi. Mama mkubwa ndiye aliyekataa. Alisema, "Huyu mtoto nimemlea kwa halali. Siendi kumuoza kwa njia ya wizi."

Alilala Nkwenda kwa shemeji zetu. Mimi nilivuka, kwa sababu gauni la bibi harusi lilikuwa mikononi mwangu.

Ndiyo maana nasema, na nasema nikijua ninajiharibia biashara: tumepotosha mpangilio wa mialiko yetu. Tunatuma kwanza rangi, halafu mchango, halafu ramani ya ukumbi, na habari za safari tunamwachia mgeni ajitafutie. Harusi ya mtaa wa pili inaruhusu hivyo. Harusi ya nchi nyingine hairuhusu. Anayealika nje ya mpaka ana wajibu wa kumweleza mgeni wake anachohitaji kabla hajamweleza anachotakiwa kuvaa, na amweleze kwa maandishi, si kwa sauti ya sekunde kumi.

Sasa niwaambie ninayoyajua, kwa anayekuja upande huu.

Pasipoti ya Tanzania ada yake ni shilingi 150,000. Anza mapema, miezi mitatu kabla si haraka, kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha mtu mzima kinaweza kuwa na jina moja na kitambulisho kina jingine, na kulinganisha majina huchukua muda kuliko pasipoti yenyewe. Hili linawahusu sana mama zetu. Kama safari ni ya mara moja, uliza hati ya dharura, ni nafuu zaidi. Na majina ya watoto msiyasahau. Mtoto wa kunyonya naye anahesabiwa ni msafiri.

Halafu kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda wanaitaka, na ukirudi nyumbani unaweza kuulizwa tena kwa sababu unatoka nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo lazima iwe imepita siku 10 ndipo kadi ihesabike, kwa hiyo ukichanjwa juzi na unasafiri leo hujafanya kitu. Uzuri ni kwamba tangu mwaka 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hakuna tena kurudia kila miaka kumi. Lakini wajawazito, wanaonyonyesha na waliofika miaka 60 wasikimbilie kuchanjwa kabla ya kuzungumza na daktari. Tafadhali msinunue kadi bila chanjo. Najua zinapatikana. Ni uongo ulioandikwa jina lako.

Njia ziko kadhaa. Wengi wanatoka Unguja kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha ndege ya Bukoba, au basi ambalo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,400. Ipo pia njia ya kwenda Mwanza na kupanda meli usiku hadi Bukoba. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati. Mama mkubwa aliambiwa habari za meli akanyamaza, na nikajua sababu. Watu wa huku wenye umri wake hawajasahau tarehe 21 Mei 1996 ilipozama MV Bukoba. Usimlazimishe mtu mzima kupanda chombo anachokiogopa kwa sababu ya bei. Walikuja kwa basi.

Kutoka Bukoba unapanda hadi Kyaka, halafu lami nzuri hadi Bugene na hapa Kayanga. Pale Kyaka ndipo njia inapogawanyika. Kama harusi iko Masaka au Kampala, usije kwetu kabisa, nenda moja kwa moja Mutukula, ambako tangu mwaka 2017 kuna kituo cha pamoja na unagongewa mihuri ya nchi mbili mahali pamoja. Kama harusi iko Mbarara au Isingiro, ndipo unakuja Karagwe, unapita Omurushaka, Nkwenda, hadi Murongo. Huko vaa nguo ya safari na usivae nyeupe. Vumbi letu ni jekundu na halitoki kwa sabuni ya kawaida. Ukishavuka, Kikagati hadi Mbarara ni kama kilomita 70 tu.

Na baridi! Ndugu zangu wa pwani mnaijia Karagwe kwa shifoni. Hapa tuko juu ya milima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi tunavaa sweta hata mwezi ambao nyinyi mnalala na feni. Nimeshashonea wageni vikoti vya dharura usiku wa manane, na bei ya usiku wa manane mnaijua. Beba shali nzito na soksi. Machi hadi Mei usipange kabisa, mvua itakukuta barabarani.

Kuhusu mavazi kuna jambo ambalo wengi hawajui mpaka wafike. Kwa Waganda, mama wa heshima harusini anavaa gomesi, ile nguo ndefu yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Inakula kitambaa kama mita sita, na ndani yake hufungwa kitambaa kizito kinachozuia nguo isigande mwilini. Waislamu wa kule wanaivaa na kilemba au ushungi na inasitiri vizuri sana. Mimi naipenda kuliko baadhi ya magauni yetu ya siku hizi yanayobana huku yanaitwa ya stara. Upande wa Ankole utakuta mushanana, inafungwa kiunoni na kipande kingine kinapita begani. Hiyo inaacha mkono na bega. Ukiambiwa sare yenu ni mushanana usikatae kwa kununa, mwambie fundi akushonee blauzi ya mikono mirefu ya rangi ile ile ivaliwe ndani, na ushungi juu. Nimeshona nyingi hivyo na mabibi wa kule waliziomba kwa watoto wao.

Chakula kisiwatie hofu. Kwenye harusi ya Kiislamu nyama haina shaka, ila njiani uliza nani kachinja, na usione haya kuuliza. Matoke mtakula mpaka muyaote. Eshabwe, mchuzi mweupe wa samli wa Kinyankole, ni halali na ni mtamu. Ila bushera, kile kinywaji cha nafaka, kina daraja zake: cha leo ni kama uji, cha siku kadhaa kinalevya. Uliza kimekaa siku ngapi. Huku Karagwe nako majirani wetu wasio Waislamu wanaweza kuwakaribisha rubisi, pombe ya ndizi, kwa moyo mweupe kabisa. Mtu anayekupa hicho hakutukani. Mwambie "asante, sisi hatunywi" na pokea kahawa za kutafuna badala yake, hiyo nayo ni heshima kubwa kwetu.

Swala sasa, maana hapa naona wengi wanapoteza. Mabasi hayasimami kwa ajili ya adhana na dada zetu wanashuka Kahama wamepitwa na adhuhuri na alasiri wakisema watalipa. Mwenyezi Mungu ametupa ruhusa tuitumie. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, safari inayozidi takriban kilomita 80 inakuruhusu kupunguza adhuhuri, alasiri na isha ziwe rakaa mbili mbili, na kukusanya adhuhuri na alasiri pamoja, magharibi na isha pamoja. Magharibi inabaki tatu, alfajiri mbili. Ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huko unaswali kamili tangu unapofika. Na ukiswali nyuma ya imamu mwenyeji unakamilisha kama yeye. Mwambieni dereva mapema, kabla basi halijaondoka, wakati bado anahesabu abiria. Ukimwambia katikati ya pori hatakusikiliza. Beba chupa ya maji ya udhu na kanga ya kuswalia.

La mahramu mnaniuliza kila siku. Sisi tulikuja na mjomba na kaka wa bibi harusi, na waliokuwa na waume wao walikuja nao. Wanachuoni wamelizungumza kwa urefu suala la mwanamke kusafiri na kundi la wanawake waaminifu, na mimi ni fundi cherehani, si mufti. Muulize ustadhi wako kabla ya kukata tiketi, usiulize ukiwa umeshafika halafu ukatafuta jibu linalokupendeza.

Kwa wenye harusi Rwanda nidokeze mawili tu. Saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo nikahi ya saa nne kwao ni saa tano kwetu, watu wamekaa nje ya msikiti uliofungwa kwa kutojua hilo. Na mifuko ya plastiki walishaipiga marufuku tangu mwaka 2008, kabla yetu sisi, msifunge zawadi wala mawigi kwenye nailoni.

Na afya. Mkoa wetu wa Kagera ulipata Marburg mwaka 2023, na tena mwanzoni mwa mwaka 2025. Uganda nao walikuwa na Ebola mwaka 2022 na 2025. Alhamdulillah yote yalitangazwa kwisha. Lakini harusini tunakumbatiana, tunalishana kwa mkono, tunalala kumi chumba kimoja. Ukiwa na homa siku ya safari, baki nyumbani, hata kama sare imeshonwa. Sare nitakununulia mimi.

Hapa ndipo nataka nigombane kidogo na maharusi. Bibi harusi mpenzi, mgeni anayetoka kisiwani hadi Mbarara amelipa boti, basi, pasipoti, malazi ya njiani, na siku ambazo duka lake limefungwa. Usimdai mchango. Usimdai sare tatu, ya hina, ya nikahi na ya walima. Moja inatosha, na mwambie bei kabla. Nimewaona wanawake wanakopa kikoba kwa ajili ya harusi ya mtoto wa rafiki, halafu mwaka mzima wanalipa na furaha imeshasahaulika. Kuitikia mwaliko ni haki ya Muislamu kwa nduguye, hilo tumefundishwa tangu chuoni. Lakini umbali na uzito wa safari ni udhuru unaokubalika, na aliyekosa uwezo hana dhambi. Mwambie wazi: "Mama fulani, nakupenda, lakini safari hii sina uwezo nayo, niombee." Dua yake kutoka Unguja ni bora kuliko uso wake uliokunjamana Mbarara kwa deni.

Na wewe mwalikaji usimnunie aliyekosa. Ukimnunia, safari nyingine atakopa.

Kuna wanaosema ninakuza jambo, kwamba makaratasi ni kazi ya mgeni mwenyewe, mtu mzima anajua. Mama mkubwa ana miaka sitini na kitu, maisha yake yote amevuka bahari kati ya Unguja na Dar kwa kitambulisho. Angejuaje? Aliniuliza mimi ninayeishi karibu na mpaka, na nikamjibu.

Nikahi ilisomwa saa nne asubuhi. Niliweka simu karibu na shekhe, mama mkubwa akiwa Nkwenda amekaa barazani na mtandao unakatikakatika. Alisikia jina la mtoto wake likitajwa, mahari yakatajwa, halafu simu ikakata. Nilipopata tena mtandao walikuwa wameshaitikia dua. Kwenye chumba cha bibi harusi, nilipoingia na gauni, mdogo wangu alitazama nyuma yangu mlangoni, akauliza, "Mama yuko wapi?" Nilimvalisha huku ananyamaza. Vifungo vya mgongoni vilikuwa ishirini na mbili, nilivihesabu vyote.

Mama mkubwa hajanilaumu hata siku moja. Aliporudi Unguja alikwenda Uhamiaji mwenyewe, akalinganisha majina yake, akapata pasipoti. Mdogo wangu sasa ni mjamzito, na bibi anataka kwenda kukaa naye arobaini. Kadi ya njano bado, daktari amesema ampime kwanza presha ndipo aamue kuhusu chanjo. Tumeandika tarehe zote kwenye daftari la vipimo la hapa dukani, ukurasa wa kwanza, na safari hii rangi ya nguo hatujaizungumza.